Mbunge wa Minnesota Hana Fuko

Aliyekulia Kenya anamjua mbunge kwa mkono wake. Ndiye ambaye jina lake huandikwa kwenye bango la basari ya NG-CDF, ndiye anayengojewa kwenye harambee ya kanisa, na bahasha yake hutajwa mwisho ili watu wapige makofi. Tanzania nako kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliowekwa na sheria ya 2009. Kwa hiyo Mswahili anapohamia Brooklyn Park au Rochester, akasikia kwamba naye ana mbunge wake wa jimbo la Minnesota, huuliza kwanza: huyu anatoa nini?

Hatoi kitu. Hana mfuko wa maendeleo wala basari, na ukimfuata na kadi ya mchango wa mazishi atakupa pole za dhati na mkono mtupu. Alichonacho ni kura katika Bunge la Saint Paul, msaidizi anayepokea simu na barua pepe, na uwezo wa kuiuliza idara ya serikali swali ambalo wewe umeliuliza mara nne bila kujibiwa. Wengi wetu huishi Minnesota miaka mingi bila kuvitumia vitu hivi, kwa kuwa wanamngoja mbunge wa aina nyingine. Mwongozo huu ni wa kumtumia aliyepo.

Zawadi nazo, kwa upande wa pili, ziache nyumbani. Tangu 1994 sheria ya Minnesota inawakataza washawishi wa kulipwa, pamoja na vyama na kampuni zinazowaajiri, kuwapa viongozi zawadi. Wewe binafsi huenda hukatazwi, lakini kama jumuiya yenu imemlipa mtu wa kuwasemea Bungeni, hata kitenge cha kumvika mgeni rasmi kinaweza kumletea matatizo. Mpe chai kama mgeni mwingine yeyote, inatosha.

Kwanza, nani ni wako

Minnesota imegawanywa katika wilaya 67 za Seneti, na kila moja imekatwa nusu mbili, A na B. Kwa hiyo kuna maseneta 67 na wawakilishi 134, na kila mkazi ana wabunge wawili wa jimbo: seneta mmoja na mwakilishi mmoja. Ukiishi wilaya ya 38A, seneta wako ni wa 38 na mwakilishi wako ni wa 38A. Namba hiyo utaipata kwa kuandika anwani yako kwenye tovuti ya Bunge, leg.mn.gov. Iandike mahali, maana utaihitaji kwenye kila barua.

Hiyo 38A nimeitaja kwa sababu. Novemba 2024 wapiga kura wake, upande wa Brooklyn Park, walimchagua Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Ni fahari, na ni haki yetu kuiona hivyo. Lakini kama unaishi Eden Prairie au Saint Cloud, usimpigie yeye kwa kuwa ni wa kwetu. Wabunge hushughulikia watu wa wilaya zao, na ofisi yake itakuelekeza kwa mwakilishi wako, nawe utakuwa umepoteza siku.

Kosa linalopoteza muda mwingi zaidi ni kumpelekea mbunge wa jimbo mambo ya Washington. Uraia, grinikadi, viza ya mke aliyebaki Nakuru, kibali cha kazi kilichochelewa: yote haya ni ya serikali kuu. Peleka kwa mbunge wako wa Kongresi au kwa mmoja wa maseneta wawili wa Marekani wanaowakilisha Minnesota; ofisi zao zina watumishi wa kuiuliza idara ya uhamiaji. Shimo barabarani mtaani kwako ni la manispaa. Chakula cha msaada na fedha za familia hupitia kaunti, ingawa sheria zake nyingi hutungwa juu zaidi. Mwalimu aliyemwonea mtoto wako, anza na shule, kisha bodi ya shule.

Ya jimbo ni haya: leseni ya udereva, posho ya ukosefu wa kazi, kodi ya mapato ya jimbo na marejesho yake, leseni za wauguzi, leseni za vituo vya kulea watoto na nyumba za kuhudumia walemavu, bima ya Medical Assistance na MinnesotaCare, na barabara kuu zinazosimamiwa na jimbo. Kwa watu wetu, ambao wengi huamka alfajiri kwenda kuosha na kulisha wazee, kuna jingine kubwa kuliko hayo: ukaguzi wa historia ya mtu unaofanywa na Idara ya Huduma za Binadamu kabla hujaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Faili likikwama hapo, mshahara nao unakwama.

Kuandika ombi linalojibika

Atakayekusoma si mbunge. Ni msaidizi wake, ambaye katika Baraza la Wawakilishi mara nyingi huhudumia wabunge zaidi ya mmoja. Mheshimu huyo. Kumzunguka ili uzungumze na mwenyewe ni kama kumpita mama mwenye nyumba ukaenda moja kwa moja jikoni.

Barua fupi yenye tarehe hushinda barua ndefu yenye uchungu. Andika hivi:

"Naitwa Fulani binti Fulani, naishi anwani hii, wilaya ya 38A. Tarehe 3 Machi niliomba ukaguzi wa historia kwa Idara ya Huduma za Binadamu ili nianze kazi katika nyumba ya wazee. Nilipiga simu tarehe 24 Machi na tarehe 7 Aprili, nikaambiwa ningoje. Mwajiri amenipa hadi tarehe 30 Aprili. Naomba ofisi yako iiulize idara faili langu limefikia wapi. Namba ya faili ni hii, na simu yangu ni hii."

Basi. Salamu ndefu, historia ya safari yako, sifa kwa mheshimiwa, vyote viache. Yeyote aisomaye barua hiyo anajua afanye nini. Itume kwa Kiingereza, hata cha kutafsiriwa na mashine. Sentensi zikiwa fupi hivyo, mashine haziharibu sana. Usiweke namba yako ya hifadhi ya jamii wala picha ya pasipoti kwenye barua pepe ya kwanza. Sheria ya faragha ya Minnesota inaizuia idara kuzungumzia faili lako na mtu mwingine bila idhini yako, kwa hiyo ofisi itakutumia fomu ya kusaini. Irudishe siku hiyohiyo.

Sasa mipaka. Mbunge hawezi kumwagiza jaji, hawezi kukupa ushauri wa kisheria, na hawezi kuilazimisha idara ikubali ombi lako. Anachoweza ni kuuliza, kufuatilia, na kukuletea jibu lililoandikwa. Tena, kumwandikia hakusimamishi saa ya rufaa. Kama barua ya kukunyima posho inasema una siku kadhaa za kukata rufaa, kata rufaa kwanza, kisha mwandikie. Wapo waliokaa wakingoja jibu la ofisi ya mbunge huku muda wao ukiisha, na baada ya hapo hata mbunge mwenye huruma kiasi gani hana la kufanya.

Kuna pia Baraza la Wananchi wa Minnesota wenye Asili ya Afrika, chombo cha serikali ya jimbo ambacho kazi yake ni kuwashauri gavana na Bunge kuhusu mambo ya watu weusi. Tatizo likiwa la watu wengi, si lako peke yako, wape nakala.

Mikutano: kwenda, na kuwaalika

Bunge hukutana kuanzia Januari katika miaka witiri, na kwa kawaida Februari katika miaka shufwa, na katiba inalitaka limalize kabla wiki ya nne ya Mei haijafika mbali. Miezi hiyo wabunge wako Saint Paul, ingawa wengi hurudi nyumbani Jumamosi kufanya mkutano maktabani au kunywa kahawa na wapiga kura. Kuanzia Juni wanapatikana zaidi: kwenye gwaride la mji, kwenye usiku wa mitaa kukutana na polisi Jumanne ya kwanza ya Agosti, na kwenye maonyesho makubwa ya jimbo mwishoni mwa Agosti. Huko kwenye maonyesho Baraza na Seneti huwa na vibanda vyao, na utapewa karatasi ya maswali kuhusu mambo ya Bunge. Ijaze. Ni kura ya maoni isiyo rasmi, lakini matokeo huchapishwa.

Usitegemee itifaki. Hakuna meza kuu, hakuna mshereheshaji, na mheshimiwa anaweza kuwa amevaa jinzi na kushika kikombe cha karatasi. Anaitwa kwa cheo na jina la ukoo, au mara nyingi kwa jina lake la kwanza tu, na hilo halimvunjii heshima. Wakati wa maswali, simama, taja jina na mtaa wako, uliza swali moja. Hotuba ya kushukuru ya dakika tano, ambayo kwetu ni adabu, hapa huwanyima wengine nafasi na hukumalizia yako kabla hujauliza.

Jambo moja limebadilika na ni zito. Usiku wa kuamkia Juni 14, 2025, Melissa Hortman, Spika wa zamani aliyewakilisha Brooklyn Park, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe, Mark. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe, Yvette, walipigwa risasi nyumbani kwao Champlin, wakapona. Kwa hiyo usishangae ukitakiwa kujiandikisha kabla ya mkutano, au ukikuta polisi mlangoni. Na usiende nyumbani kwa mbunge kubisha hodi, hata kama kwenu ndivyo mzee wa mtaa anavyofuatwa. Ofisi na mkutano vinatosha.

Kuwaalika ni rahisi kuliko mnavyodhani. Chama cha akina mama, kanisa, msikiti, timu ya mpira, wote wanaweza kumwalika. Tuma mwaliko wiki sita kabla, sema watakuwepo watu wangapi, wanataka kusikia nini, na mpangie nusu saa yenye mwanzo na mwisho. Kama mwaliko uko kwa lugha mbili, hakikisha "saa nane mchana" ya Kiswahili imekuwa 2:00 kwenye ule wa Kiingereza. Na ikifika hiyo 2:00, anzeni. Mkalimani mpangeni mapema, awe mtu mzima anayejua maneno ya serikali, si kijana wa darasa la saba. Kanisa au msikiti usiolipa kodi unaweza kumkaribisha mbunge aeleze kazi yake, lakini usimpigie kampeni madhabahuni. Msimu wa uchaguzi, waalikeni wagombea wote au msialike yeyote.

Kusoma vipaumbele vyake

Kipeperushi cha kila mbunge husema elimu, afya, usalama na nyumba za bei nafuu. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba anapinga elimu. Ili ujue anachokipigania kweli, uliza mambo yanayoweza kuhakikiwa: yuko kamati zipi, ni muswada gani ameuongoza yeye mwenyewe, na je, ulisikilizwa kwenye kamati? Muswada wa Barazani unaweza kubeba majina hadi 35, ule wa Seneti hadi 5, na jina la kwanza ndilo la mwenye kazi. Kutia jina la ishirini ni kama kuhudhuria harusi. Uliza pia kama una pacha wake upande wa pili, kwa kuwa muswada wa Barazani usio na mwenzake Senetini hauendi mbali. Tovuti ya Bunge inaonyesha yote haya, pamoja na kura.

Kisha jua kwamba kipaumbele hukutana na bajeti. Mfano mzuri, na mchungu, ni bima ya MinnesotaCare. Mwaka 2023, chama cha DFL (Wademokrasia wa Minnesota) kikishika Baraza, Seneti na ofisi ya gavana, Bunge liliwafungulia bima hiyo wahamiaji wasio na hati, na huduma ikaanza Januari 2025. Uchaguzi wa Novemba 2024 ukaleta Baraza la 67 kwa 67. Warepublican wakadai bima hiyo iondolewe kwa watu wazima kama sharti la kupitisha bajeti, na Juni 9, 2025, Baraza likapiga kura ya kuiondoa kuanzia mwisho wa mwaka huo, watoto wakabaki nayo. Kura zilikuwa 68 dhidi ya 65, na 68 ndiyo idadi ya chini kabisa inayohitajika. Kati ya wabunge wa DFL Barazani, Hortman peke yake ndiye aliyepiga kura ya ndiyo, ili makubaliano yasivunjike na serikali isifungwe. Siku tano baadaye aliuawa.

Ukisoma kipeperushi tu, hutaelewa kura ile. Kwa hiyo unapokutana na mbunge wako, mwulize swali ambalo kipeperushi hakijibu: mwaka jana ulikubali kupoteza nini ili upate nini? Atakayekujibu bila kuzunguka ni mtu wa kufanya naye kazi, hata kama mnatofautiana.

Kusema mbele ya kamati

Hapa ndipo sauti moja hupata uzito wake, nasi ndipo tunapokosekana. Muswada ukipangiwa kikao, mtu yeyote anaweza kuomba kutoa ushahidi. Huulizwi uraia. Unamwandikia mratibu wa kamati, kwa kawaida siku moja kabla, ukitaja namba ya muswada na jina lako. Utapewa dakika mbili au tatu. Unaanza kwa kumsalimu mwenyekiti na wajumbe, unataja jina na unakoishi, unasema unaunga mkono au unapinga, na unasimulia jambo moja lililokupata wewe kazini au nyumbani. Takwimu waachie wataalamu waliokutangulia. Muuguzi msaidizi anayeeleza alivyoachwa peke yake na wagonjwa wengi usiku hukumbukwa hata pale jina lake linaposahaulika.

Tahadhari moja: kikao hurushwa mtandaoni na kuhifadhiwa, sura yako na jina lako. Kama hali ya karatasi zako si imara, zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, au toa ushahidi kupitia chama chenu.

Muda nao una sheria zake. Bunge hujiwekea tarehe za mwisho za kamati, nyingi katika Machi na Aprili. Wazo lako ukilileta mwishoni mwa Aprili, umelileta la mwaka ujao. Lipeleke kati ya Septemba na Desemba, mbunge anapotayarisha miswada yake. Muswada uliokwama mwaka witiri huwa hai mwaka shufwa unaofuata. Baada ya hapo hufa na kuandikwa upya.

Sheria ambazo tayari zimepita na zinakungoja

Kwa haraka, maana maelezo yake yako kwenye idara husika na msaidizi wa mbunge atakuonyesha mlango. Tangu mwaka wa masomo wa 2023–24, shule zinazoshiriki mpango wa jimbo huwapa wanafunzi wote kifungua kinywa na chakula cha mchana bure. Leseni ya udereva haihitaji hati ya uhamiaji tangu Oktoba 1, 2023. Familia yenye mapato chini ya dola 80,000 inaweza kumsomesha mtoto chuo cha umma cha Minnesota bila karo kupitia North Star Promise, ulioanza 2024, ila ni lazima fomu ya msaada wa masomo ijazwe. Punguzo la kodi kwa watoto lilianza na dola 1,750 kwa kila mtoto katika kodi ya mwaka 2023, na hupungua kadiri mapato yanavyopanda. Mpangaji naye ana punguzo lake, ambalo tangu kodi ya mwaka 2024 hudaiwa ndani ya fomu ya mapato ya jimbo. Mdai mwenye nyumba cheti cha kodi ya pango mwishoni mwa Januari.

Nililobakiza ndilo linalodhulumiwa sana. Tangu Januari 1, 2024, mfanyakazi wa saa 80 au zaidi kwa mwaka hupata saa moja ya mapumziko ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, hata kama ni kibarua wa Jumamosi na Jumapili. Mwajiri akikwambia hiyo ni ya wafanyakazi wa kudumu tu, anakosea, na malalamiko hupelekwa Idara ya Kazi na Viwanda. Januari 1, 2026 ikaongezeka likizo ya familia na matibabu yenye malipo, hadi wiki 12 kwa kila sababu na zisizozidi 20 kwa mwaka.

Kura

Kuandika, kuhudhuria na kutoa ushahidi ni kwa mkazi yeyote. Kupiga kura ni kwa raia peke yake. Mwenye grinikadi asijiandikishe hata akisukumwa na rafiki mwenye nia njema, na akipelekewa barua ya kuandikishwa baada ya kuchukua leseni ya udereva, aandike mara moja kwamba yeye si raia na ahifadhi nakala. Kujiandikisha akiwa si raia kunaweza kumfukuzisha nchini.

Aliyekwisha kuapa uraia anaweza kujiandikisha siku ileile ya uchaguzi kituoni. Viti vyote 201 vya Bunge la Minnesota vimo kwenye karatasi ya kura ya Novemba 3, 2026. Mwaka 2024 kiti cha wilaya ya 54A, Shakopee, kiliamuliwa kwa kura 14, na kama kingekwenda upande wa pili Baraza lisingekuwa 67 kwa 67.